Taa Nyekundu ya Motokari ya Bwana Farmasi

Juzi, kwenye kilio cha Kisimba, vijana walikaa chini ya turubai wakimsifu marehemu kwa maneno yale yale ya kila kilio: mzee mpole, mzee wa kanisa, mzee asiyegombana na mtu. Nilivumilia mpaka nikashindwa. Nikawaambia, "Muko munazika muntu yenye hamumujue." Wakacheka kwa adabu, kama wanavyotuchekea vikongwe, wakaniletea kiti chenye mgongo. Mpole! Kisimba alikuwa na ulimi wa pilipili, na kwa ulimi huo huo alinieleza jambo ambalo mpaka leo, na meno yangu yamebaki machache, bado linanishangaza. Basi nimerudi nyumbani nimesema nitaandika. Mimi ni Odette, mjane wa Anselme, na ninakaa mtaa wa Katuba tangu kuta zake ziliponuka chokaa mbichi. Mambo ya baba na mama na kijiji chao huko kaskazini nayaacha, hayana kazi hapa. Naandika mwaka mmoja tu, wakati wa Wabelgiji, mwaka ambao taa ndogo ya motokari ilikaribia kutufukuza mjini.

Tulikuwa na vyumba viwili. Kimoja chetu, kimoja cha Mama Veronika, mama yake Anselme, aliyekuja kututembelea mwezi mmoja na hakurudi tena kijijini. Kati ya vyumba palikuwa na kikwembe kilichotundikwa badala ya mlango, kwa hiyo siri haikuwepo: yeye alisikia ugomvi wetu, na sisi tulisikia rozari yake, Salamu Maria moja baada ya nyingine mpaka usingizi umkamate. Nilipika nje kwenye mbabula, jiko letu la makaa, bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, na makayabo, samaki wa chumvi, siku ya mshahara. Tulikula sote sahani moja. Mabibi wa fwaye, kule walikotufundisha sisi wake wa wafanyakazi kufuma sweta na kupiga pasi, walituambia kila mtu awe na sahani yake na uma wake. Mama Veronika aliposikia hivyo aliuliza kama mabibi hao wamegombana na waume zao.

Anselme alikuwa shofere wa Mbelgiji mwenye duka la dawa mjini. Jina lake halisi halina haja. Sote tulimwita Bwana Farmasi. Hakuwa mtu mbaya wa kupiga, hapana, lakini alikuwa na chuki moja, na chuki hiyo ilikuwa kwa mapadri. Mpishi wake wa zamani alitundika msalaba jikoni, akafukuzwa siku ile ile. "Ndani ya nyumba yangu hakuna padri, hata wa chuma," ndivyo alivyosema, na Anselme alituigizia akikunja midomo mpaka tukachoka kucheka. Motokari yake ilikuwa ya kabla ya vita, nyeusi, ndefu, iliyozeeka kwa heshima. Kwenye tablo, pale mbele ya shofere, kulikuwa na taa nyekundu ndogo kuliko kifungo cha shati. Hiyo ndiyo ilikuwa taa ya mafuta ya motere. Ukizungusha ufunguo lazima iwake. Motere ikinguruma lazima izime. Ikiwaka katikati ya njia, maana yake mafuta hayafiki, na motere itakufa.

Mvua za kwanza ziliponyesha mwaka ule, taa ikaanza kuwaka katikati ya njia. Iliwaka kidogo, ikazima. Kesho yake tena. Bwana Farmasi akaona, akamwambia Anselme aongeze mafuta, akaongeza. Siku ya tatu ikawaka tena. Motokari ikapelekwa garaji. Pale garaji ilisimama asubuhi nzima bila taa kuwaka hata mara moja, wakapima, wakasema motere nzima, ila mafuta yamepungua kidogo, muulize shofere wako yanaenda wapi. Neno dogo hilo! Motere iliyozeeka inakunywa mafuta, kila shofere anajua, lakini Bwana Farmasi alikuwa mtu wa chupa za dawa na mizani, na kwake kitu kikipungua kuna mkono uliochukua. Akamwambia Anselme: taa ikiendelea mpaka mwisho wa mwezi, nitaandika katika kitabu chako cha kazi kwamba wewe ni mwizi.

Wajukuu wangu hawaelewi neno hilo lilikuwa na uzito gani. Aliyeandikwa mwizi hakupata Bwana mwingine. Aliyekosa Bwana hakuwa na haki ya kukaa mjini; alipewa siku chache, kisha treni, kisha kijiji. Nyumba, kadi ya kukaa mjini, fwaye yangu, vyote vingekwenda. Na habari zilikwisha kufika. Pale bombani, tulipopanga ndoo zetu, sauti zilishuka nilipokaribia, na siku moja Mama Sharloti wa parsele ya tatu toka nyumba yetu hakuishusha ya kwake. "Bengine banakula makayabo ya mafuta ya motere," alisema, akiangalia juu kama anatafuta mvua. Nilijaza ndoo yangu mpaka ikafurika, nikaondoka, nikalia njiani. Nyumbani Anselme aliacha kuigiza. Alikula matonge mawili akanawa. Mama yake naye, aliyenisikia nyuma ya kikwembe nikisimulia ya bombani, alirefusha rozari.

Ndipo Kisimba alipoingia katika habari hii, kwa kweli aliingia kwa sababu alisikia harufu ya sombe. Alikuwa wa kijiji kimoja na Anselme, mdogo wake kwa umri, fundi wa umeme kwenye karakana za reli. Kwa desturi yetu bibi wa kaka mkubwa ni wa kutaniwa, na huyu hakuwa na huruma. "Bibi yetu," alisema akikaa, "leo umepika ao umeomba ku jirani?" Nikamjibu kwamba nilipika, lakini si kwa ajili ya mbwa wa reli. Tukacheka, Anselme hakucheka. Kisimba akaweka tonge chini. "Yaya, nini?" aliuliza, maana yaya kwetu ni kaka mkubwa. Anselme akamweleza yote, taratibu, macho kwenye sahani.

Kisimba hakusema pole. Aliuliza maswali. Inawaka wapi? Anselme hakujua. "Hapana, fikiri. Wapi?" Anselme akafikiri, na usoni mwake nikaona kitu kinafunguka: pale motokari inapopanda juu ya reli. Na ile kona ya kwenda Karavia, penye mashimo. Mahali pengine haiwaki. "Njo vile," alikubali Kisimba. "Usiulize taa. Taa inajua kuwaka tu. Uliza njia yenye umeme inapitia." Akatoa mfukoni batiri ya tochi, kipande cha waya na taa ndogo, akaomba kijiko. Akaufunga waya kwenye shingo ya taa, akausimamisha mkia wa taa juu ya kichwa cha batiri. Kitako cha batiri akakilaza kwenye kijiko. "Umeme iko na tabia moja. Ikitoka ku nyumba yake, lazima irudie ku nyumba yake. Kama haina njia ya kurudia, haitoke hata kidogo." Akagusisha ncha ya waya kwenye kijiko. Taa ikawaka.

Kijiko changu! Kijiko nilichokorogea uji asubuhi. Nilisema "Mayo!" nikakamata mdomo. Kisimba akaondoa waya, ikazima, akagusa, ikawaka. Akanipa mimi nishike. Sikusikia joto, sikusikia kitu kinachopita, hata mlio, na bado kilikuwa kinapita, ndani ya chuma kigumu, mbele ya macho yangu. Nimeona mambo mengi tangu siku ile: uhuru, vita, ndege, simu za mfukoni. Hakuna lililonishika kifua namna ile. Tangu hapo nikaangalia chuma kwa macho mengine, kufuli, sufuria, bati la nyumba, nikijiuliza nani anapita humo sasa hivi.

"Sasa," alisema Kisimba, "motokari yote ni kijiko. Chuma yake yote njo njia ya kurudia. Taa ya mafuta iko na waya moja inashuka ku motere. Kule kuko mulango kidogo. Mafuta ikikosa, mulango unafunguka, umeme unapita, taa inawaka. Lakini kama kuko muntu alifungula dirisha katikati ya njia, umeme itapitia dirisha. Haitafika hata ku motere." Anselme akauliza utajuaje kama ni mlango au dirisha. "Tunatosha waya pale ku motere, tunaichomoa. Mulango haiko tena. Kama taa itawaka vile vile, yaya, weye haukuiba." Nyuma ya kikwembe rozari ilikuwa imenyamaza muda mrefu, nasi hatukutambua.

Jumamosi Bwana Farmasi alimtuma Anselme kupeleka dawa Karavia. Kisimba alimngoja barabarani, na mimi, na Mama Veronika ambaye hakuna aliyemwalika. "Kama mutoto yangu anahukumiwa, mi niko pale," alisema, akapanda nyuma na vikwembe vyake vya Jumapili. Kisimba akafungua kapo, kifuniko cha motere, akachomoa waya, akanipa ncha yake. "Funga isiguse chuma, bibi yetu, wewe njo mufundi wa kushona." Nikachana ncha ya kitambaa changu cha kichwa nikaifunga mara tatu, nikakaza kwa fundo. Hiyo waya niliifunga mimi. Naandika hivyo kwa sababu baadaye nilihitaji kujikumbusha.

Anselme akaendesha polepole. Barabara ya lami ikaisha, tukaingia vumbi lililolowa, taa imezima. Nilikaa mbele, macho yangu hayakutoka pale. Tukafika penye reli. Magurudumu ya mbele yakapanda, yakashuka, kwa kishindo, na taa ikawaka.

Ikawaka nyekundu, tulivu, waya wake ukiwa umefungwa kwa kitambaa changu. Niliogopa, siwezi kudanganya. Na katika hofu ile kulikuwa na furaha kubwa, kwa maana nilikuwa nimeelewa: kuna dirisha. Mahali fulani gizani, nyuma ya tablo ile, umeme ulikuwa umepata njia nyingine ya kurudi nyumbani, na ulikuwa unapita pale mbele yangu, na mume wangu hakuiba. Anselme akakanyaga breki. Kisimba akapiga goti lake kwa kiganja, akacheka mpaka akakohoa. "Dirisha! Niliwaambia! Dirisha!" Mama Veronika hakucheka. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Kisha akasema, "Mutoto yangu, simamisha vizuri. Fungula mulango."

Akashuka, akazunguka mpaka upande wangu, akanitoa kitini. Akapiga magoti kwenye matope, na vikwembe vya Jumapili, akaingiza mkono chini ya tablo mpaka kwenye bega. Alijua pa kupeleka vidole. "Iko huku," alisema. Kisimba akalala sakafuni na tochi yake, akaangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akakosa neno la utani. Alituita tuone mmoja mmoja. Kulikuwa na medali ya Mama Maria, ndogo kama ukucha, kwenye mkufu wake, imevishwa juu ya zile waya kama unavyomvisha mtoto shingoni. Waya za motokari za zamani zilikuwa na nguo ya uzi. Siku kwa siku, shimo kwa shimo, mkufu ulikuwa umetafuna nguo ile mpaka shaba ikaonekana, iking'aa. Na mwisho wa mkufu, pale motokari iliporuka, uligusa chuma cha tablo.

"Siku Anselme alipata kazi niliiweka," alisema Mama Veronika, bado amepiga magoti. "Alilala usingizi ku kiti, na mulango wazi, motokari iko ku kivuli. Nilijua ile Bwana hapendi. Njo maana nilificha. Nilisema amulinde mutoto yangu mu njia." Akaniangalia mimi, si mwanawe. "Na njo yeye alimusemea mubaya?" Kisimba akasema taratibu, "Hapana, Mama. Yeye hakusema kitu. Ni mukufu tu."

Sasa mngefikiri tulishangilia. Kisimba alikwisha kutoa utepe wa kufungia ile waya, dakika moja na kazi imekwisha, lakini Anselme alishika mkono wake. "Ngoja. Nikiifunga leo, taa haitawaka tena. Bwana atasema nini? Atasema: umeona, nilimutisha mwizi, ameacha kuiba." Alisema kweli. Taa ikinyamaza ingemhukumu kuliko ilivyowaka. Ili Anselme awe safi ilibidi Bwana Farmasi aone taa ikiwaka bila waya, na akiona atauliza sababu, na sababu ni medali ya padri ndani ya motokari yake. Mpishi alifukuzwa kwa msalaba wa jikoni, jikoni ambako Bwana hakuingia hata mara moja kwa mwaka. Anselme aliegemea motokari akaziba uso. Mama Veronika akainuka, akapangusa magoti. "Murudishe vile ilikuwa," alisema. "Kesho kutwa mi nitaenda."

Jumatatu asubuhi tulisimama mbele ya nyumba ya Bwana Farmasi: Anselme amenyooka kwa yunifomu, Kisimba ameomba ruhusa kazini kwa uongo wa jino, mimi, na mama yetu. Bwana akatoka na kofia. "Bote hawa nataka nini?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha jikoni. Kisimba akamweleza kwa Kifaransa cha karakana, kwa heshima, akamwomba Bwana mwenyewe achomoe waya. Akakunja uso, lakini akavua koti. Alichomoa, akaangalia ncha ile, akaingia ndani akarudi na plasta ya duka lake, akaifunga kama anavyofunga kidole cha mtu, pande zote, bila kuacha ufa. Mikono yake ilikuwa mizuri kazini. Hilo nililiona hata katika woga wangu.

Alikaa mbele na Anselme. Sisi watatu nyuma, mama katikati. Tukaenda mpaka kwenye reli. Magurudumu yakapanda, yakashuka, taa ikawaka.

Bwana Farmasi akainama mpaka pua yake ikakaribia tablo. "Ingine," alisema. Anselme akarudi nyuma, akavuka tena. Ikawaka tena. Bwana akashuka, akafungua kapo, akapapasa plasta yake; ilikuwa nzima. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Nimeuona uso huo kwa watoto wangu wote walipoona moto mara ya kwanza, na nilimpenda kidogo dakika ile. "Kwa nini?" aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

"Ni miye, Bwana," alisema Mama Veronika. Akajipenyeza mbele kati ya viti mpaka bega likagusa tablo, akaingiza mkono chini yake, akaifungua medali bila kuangalia, akaiweka kiganjani mbele ya uso wa Mbelgiji. "Niliiweka huku ndani. Nilificha, juu wewe haupendi. Mutoto yangu hakujua. Mukufu ilikula waya, taa ikawaka. Mutoto yangu haibi. Unifukuze miye."

Niliona shingo ya Bwana ikiwa nyekundu, kutoka kola mpaka masikio. Anselme alikamata usukani kwa mikono miwili ingawa motokari ilikuwa imesimama. "Wewe naweka hii ndani ya motokari yangu," alisema Bwana polepole, "kulinda mutoto yako."

"Ndiyo, Bwana."

"Na mimi? Mimi nakaa hapa kila siku. Mimi hapana amini yeye. Yeye nalinda mimi?"

Mama yetu alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Motokari iko moja tu, Bwana. Atachaguaka namna gani?"

Treni ya makaa ilipiga honi mbali, upande wa kiwanda. Mama huyu, aliyetia saini kwa kidole gumba, aliyeogopa hata ngazi za duka za mjini, alibaki na kiganja chake wazi. Nilimwogopa kama nilivyoiogopa taa. Wanawake wenzangu wa fwaye walinicheka baadaye nilipoanza kumsumbua Kisimba anifundishe, nikatengeneza pasi zao, kisha redio, kisha nikawa na banda langu la kujaza batiri hapa hapa Katuba na kulea watoto saba kwa banda hilo. Walidhani ni kijiko kilichonitia wazimu. Lakini kijiko kilinifundisha umeme tu. Ujasiri wa kuingiza mkono pasipoonekana niliupata kwa mama mkwe wangu, asubuhi ile.

Bwana Farmasi alichukua medali, akaigeuza, akairudisha kiganjani mwake. "Wewe," alimwambia Kisimba, "funga waya." Kisha akamwambia mama, akitazama nje, "Weka pahali haina waya." Samahani hakusema, wakati ule hawakutuambia neno hilo. Alivaa kofia yake, akafungua mlango, akashuka. "Anselme, peleka mama yako nyumba. Mimi natembea." Akaenda kwa miguu kuelekea mjini, koti mkononi, bila kugeuka nyuma.

Kisimba alifunga waya, akairudisha ncha yake kwenye motere. Mama Veronika akahamia mbele, kiti cha Bwana. Mimi Jumamosi nilikaa pale kwa kuiba, lakini Katuba haikuwahi kuona Mwafrika kwenye kiti hicho mchana kweupe. Tulipita reli, taa kimya. Tukaingia Katuba, watoto wakakimbia nyuma yetu, watu wakatoka milangoni. Anselme alilia akiendesha, machozi yanateremka mpaka kwenye kola ya yunifomu, na hakuyafuta. Mbele ya parsele yetu akasimamisha, akazunguka, akamfungulia mama yake mlango kama anavyomfungulia Bwana.

Mama hakushuka. Alikaa amenyooka, mkoba mapajani, akiangalia mbele.

"Mama, tumefika," alisema Anselme.

"Minaona," alijibu. "Funga mulango. Pitia kwanza ku bomba."